Injini Iliyopashwa Moto kwa Heshima

Funyula, 9 Machi 2025

Mpwa wangu Asekenye,

"Injini ikiwaka bila kutoa moshi, anayetaka kuikagua zaidi ya hapo anamtukana mwenye gari."

Maneno hayo niliambiwa juzi, mbele ya watu, na mzee mmoja wa heshima huko Busia anayetaka kutuuzia gari. Ni upuuzi, na nitakuonyesha kwa nini. Mwenye presha hatoi moshi. Nguzo ya nyumba iliyoliwa na mchwa haitoi moshi. Daktari akikupima damu hajakutukana, na mwalimu akisahihisha daftari hajamwita mtoto mwizi. Tangu lini kuuliza kukawa tusi? Tangu wenye mali walipogundua kwamba mnunuzi mwenye aibu hanunui kwa macho, ananunua kwa kuinamisha kichwa. Hilo ndilo jibu langu, na nililitoa lote, bila kusaza neno, nikiwa njiani kurudi nyumbani. Mbele ya mzee nilisema, "Ni kweli."

Basi, hujambo? Nimeanza vita kabla ya salamu, nisamehe. Sisi wazima. Mahindi yamepandwa, mvua inatuchezea. Shuleni bado nafundisha historia kwa vijana wanaodhani dunia ilianza walipopata simu. Mwambie mama yako, dada yangu Petronilla, kwamba mihogo aliyonitumia kutoka Moding ilifika, na kwamba shangazi yenu alisema ni mitamu kuliko yetu, jambo ambalo nimeshalikanusha kwa maandishi.

Sasa jambo lenyewe. Unamkumbuka Vivianne, mke wa jirani yetu? Mwaka juzi alishikwa na uchungu, akapakiwa kwenye boda boda kupelekwa Busia, akajifungua kando ya barabara kwenye mvua. Mtoto hakuishi. Tangu siku hiyo akina mama wa kanisa letu, chini ya mwenyekiti wao Naliaka, wamekuwa wakiweka akiba ili wapate gari la kubeba wajawazito. Mimi ni katibu wao. Vivianne ana mimba tena, atajifungua Agosti. Akiba inatosha gari moja, kuukuu, na haitatosha mara ya pili.

Mimi nimesoma vitabu vingi kuliko watu wengi wa wilaya hii, lakini boneti ikifunguliwa huwa naona matumbo ya ng'ombe. Wewe unasoma injini. Niandikie, tena usinipigie simu: kwenye simu unasema "sawa mjomba" huku nyundo za gereji zikinipasua sikio. Nataka maneno niyashike mkononi nikiwa mbele ya gari.

Mjomba wako,
Protus


Malaba, 23 Machi 2025

Yoga, mjomba,

Mama hajambo, ila goti. Foleni ya malori leo imepita Amagoro, madereva wanaoga na kupika barabarani, na kila mmoja ana lori ambalo "lilikuwa zima hadi leo asubuhi". Kazi ipo. Bosi wangu Otukei amekununia tangu uandike gazetini kwamba mafundi wa mpakani hawatoi risiti.

Sikiliza. Kitu cha kwanza ni baridi. Gari likague likiwa limelala usiku kucha bila kuwashwa. Fika asubuhi mapema na usimwambie mtu unakuja. Kabla ya salamu ndefu, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ina joto, mtu amekutangulia, na mtu huyo anajua kwa nini.

Nakuambia sababu, maana bila sababu utabishana nami. Injini ikiwa moto, vyuma vimetanuka, nyufa zimejibana, kila kitu kinanguruma sawasawa. Ikiwa baridi ndiyo inakohoa. Halafu radieta yenye moto haifunguliwi, maji yatakuruka usoni. Kwa hiyo anayekukaribisha na injini moto amekufungia mlango na kumeza ufunguo.

Likiwa baridi, fungua kifuniko cha radieta. Maji yawe safi na yajae. Fungua kifuniko cha oili, angalia chini yake. Ukiona utelezi mweupe kama chai ya maziwa iliyoganda, maji yameingia kwenye oili. Vuta kijiti cha oili: isiwe nzito kama asali, maana oili nzito huwekwa kuficha milio. Kisha washa ufunguo nusu, injini isingurume. Taa zote za dashibodi lazima ziwake, halafu zizime injini ikishika. Wengi hutazama taa inayowaka. Wewe tafuta ile isiyowaka kabisa. Taa ikikosekana, kuna mtu aliinyamazisha.

Ndipo uwashe, radieta ikiwa wazi. Maji yakitoa povu bila kukoma, gasketi ya silinda hedi, inayotenga maji na oili, imekufa. Moshi mweupe usioisha, hivyo hivyo. Moshi wa bluu, inakula oili. Usikubali mtu akukanyagie mafuta ili "uisikie". Injini mbovu ikikanyagiwa huimba kama nzima.

Gari gani? Na ni la nani?

Asekenye


Funyula, 14 Aprili 2025

Mpwa wangu,

Mulembe. Shangazi yako ana mafua lakini bado anapika. Barua yako nimeisoma mara sita. Nimewahi kusoma wanafalsafa wakieleza namna ya kutofautisha kinachoonekana na kilichopo. Sijaona hata mmoja aliyefanya hivyo kwa kurasa mbili, akianza na kiganja juu ya boneti. "Tafuta taa isiyowaka." Nimewaandikia sentensi hiyo ubaoni wanafunzi wa kidato cha tatu, tukaitumia kusoma kumbukumbu za wakoloni. Walielewa kuliko nilivyowahi kuwaelewesha.

Tulikwenda, mimi na Naliaka. Gari zuri. Jeupe, viti saba, mlango wa kuteleza, lina miaka ishirini na kitu. Kando ya mlango wa kushoto kuna mbonyeo mdogo kama wa mtu aliyebonyeza unga kwa kidole gumba. Halina mshale wa joto, lina taa tu. Injini ilikuwa inanguruma tulipoingia langoni, taratibu, bila moshi. Mzee alikuwa ameliosha hadi magurudumu. Tulinyweshwa chai, tukachinjiwa kuku. Naliaka alilizunguka gari mara mbili akasema, "Hii inafaa hata harusi." Radieta hatukufungua. Ilikuwa moto, na mzee alituonya tusiungue.

Nakusikia ukiuliza: mjomba, ulipiga simu? Nilipiga. Siku mbili kabla, na tena asubuhi tukiwa kwenye steji ya Funyula. Na kabla hujaandika neno, nakujibu. Kuna nyumba ambazo mtu wa umri wangu hawezi kutokea alfajiri kama askari wa kodi. Si woga. Ni namna watu walivyokubaliana kuishi bila kuaibishana: mwenye nyumba apewe nafasi ya kufagia, kuvaa, kutuma mtu dukani kununua sukari. Anayedharau hilo si jasiri, amekosa tu malezi. Nyumba ile siwezi kuingia bila kutoa taarifa, na usiniulize kwa nini.

Kamati inakutana mwisho wa Mei kuamua. Niambie kama nilichokiona kinatosha.

Mjomba Protus


Malaba, 19 Mei 2025

Mjomba,

Barua yako imenifikia leo. Dereva uliyempa barua, gari lake lilichemka maji Adungosi, likavutwa hadi gereji, likalala wiki nne likingoja vipuri. Barua ilikuwa kwenye kisanduku cha mbele. Gereji yenyewe ni hii yetu. Nimekuwa nikilipita kila siku nikienda kuchukua spana.

Usinunue lile gari.

Shangazi apone haraka.

Asekenye


Funyula, 25 Mei 2025

Asekenye,

Salamu za nyumbani utazipata mwishoni, nikiwa nimetulia.

"Usinunue lile gari." Maneno matatu! Mimi niliyekufundisha kusoma ukiwa na miaka minne, kwa magazeti ya zamani, nakutumia kurasa tatu, nawe unanijibu kama kibao cha "Mbwa Mkali". Anayesema usinunue bila sababu hana tofauti na anayesema nunua bila sababu. Wote wawili wanataka niwaamini wao badala ya jambo lenyewe. Uliponiandikia Machi ulinipa sababu kwa kila hatua, na kwa hiyo nilikuamini. Nani amekubadilisha?

Na nilipopigana na ukoo mzima wa baba yako ili uende chuo cha ufundi, wao wakisema msichana mwenye grisi kucha zake haolewi, sikuwaambia "mwacheni" nikakaa. Niliwapa sababu saa tatu mfululizo hadi wakachoka.

Sasa nitakuambia nilichokuficha, kwa sababu siwezi kudai ukweli nikiwa nimekalia wangu. Mwenye gari ni Mzee Hesbon. Ndiyo, baba mkwe wa binti yangu Sylvia. Sylvia anaishi kwenye boma lile, anakula kwenye jiko lile. Kwetu Samia unajua: mzazi haendi kwa wakwe wa binti yake bila kutuma habari. Akienda hivyo, amesema hadharani kwamba anashuku jinsi mtoto wake anavyotunzwa. Na nikilikataa gari bila sababu baada ya kula kuku wa mzee, nimemwita tapeli mbele ya mwanawe. Mimi nitarudi Funyula na ushindi wangu. Atakayebaki pale kuosha vyombo ni Sylvia.

Lakini kuna upande wa pili. Juzi Vivianne alinisimamisha kisimani. Hakuniuliza lolote kuhusu gari. Aliuliza tu, "Mwalimu, Agosti ina mvua?"

Kamati nimeiahirisha kwa wiki tatu, kwa uongo. Nipe sababu.

Shangazi amepona.

Protus


Malaba, 1 Juni 2025

Mjomba,

Wewe ulificha jina la mwenye gari. Mimi nilificha gari lenyewe.

Ule mbonyeo wa kidole gumba naujua. Gari lile lililetwa hapa Januari, limechemka. Aliyelileta alikuwa dereva, mwenyewe sikumwona. Mimi ndiye niliyemwaga oili. Ilitoka rangi ya chai ya maziwa. Nikamwambia Otukei gasketi imekufa, tufungue hedi, tuipeleke kusawazishwa uso, tuweke gasketi mpya. Akasema hiyo ni kazi ya wiki mbili na mteja anataka gari kesho. Akaniletea oili nzito na dawa ya kuziba nyufa, tukamimina kwenye radieta. Kisha akasema taa ya joto itamsumbua mzee, itoe. Nikachukua bisibisi, nikafungua dashibodi, nikatoa balbu. Dakika kumi. Nikaambiwa huu ni utunzaji wa mteja.

Balbu sikuitupa. Iko kwenye kopo langu la misumari. Kila nikitafuta msumari naiona.

Nilipokuandikia utafute taa isiyowaka, mjomba, sikuwa nasoma falsafa. Nilikuwa nakumbuka kazi yangu. Sikujua kwamba nakuandikia kuhusu gari lile lile. Nilipojua, nikaona haya kukuambia wewe, unayesema mbele ya watu kwamba nasoma injini.

Dawa ile hushika miezi michache. Ikiachia Agosti, barabarani, dereva hataona taa, kwa sababu taa ninayo mimi.

Sasa nimefikiria hivi. Wewe huwezi kwenda bila kupiga simu, na ukipiga simu gari litapashwa. Heshima yenu ndiyo inayopasha injini ile. Lakini mimi ni mtoto wa dada yako, si mtu wa ukoo wako. Mimi ni Mteso wa Moding. Sylvia hakuozwa kutoka kwetu, na Mzee Hesbon si mkwe wangu. Tena fundi hana mkwe. Nitakwenda mwenyewe, asubuhi, bila simu. Usimwonye mtu, hata Sylvia.

Otukei amesema nikitoa siri ya gereji nisirudi. Hilo niachie mimi.

Asekenye


Moding, 15 Juni 2025

Yoga, mjomba,

Nimekwenda. Nakuandikia yote kwa sababu ulitaka sababu.

Nilifika Busia saa kumi na mbili na robo asubuhi. Mzee Hesbon alikuwa uani, amejifunga shuka, anapiga mswaki.

"Wewe nani?"

"Fundi, mzee. Nimekuja kuangalia gari."

"Fundi wa nani? Sijaita fundi. Mbona hukupiga simu?"

"Ningepiga, ungeliwasha."

Akatoa mswaki mdomoni. "Kwani kuwasha ni makosa? Mgeni akija unamtayarishia chai, unamtayarishia na gari. Fundi mwenyewe aliniambia: mzee, dakika ishirini kabla ya mgeni kufika."

"Fundi gani huyo?"

"Otukei wa Malaba. Alilitibu Januari. Sasa ni kama jipya."

Mjomba, hapo nikajua. Mzee hakuwa anadanganya mtu. Alipewa dawa ya kuficha ugonjwa, akaambiwa ni ukarimu.

Sylvia alitoka jikoni mbio. "Asekenye! Nani amekufa?" Nikamwambia hakuna, lete maji tu. Nikaweka kiganja juu ya boneti. Baridi kama mtungi. Nikafungua radieta, maji yamepungua na yamekuwa mekundu kama ya mtaroni. Nikamwomba mzee awashe, asikanyage.

Injini ilizunguka mara nne kabla ya kushika. Ikashika kwa shida, ikatikisika kama inatembea kwa miguu mitatu. Moshi mweupe ukatoka ekzosi, ukafunika kamba ya nguo na shuka zote za Sylvia. Radieta ikatoa povu kama uji. Mke wa mzee akapiga kelele dirishani, "Hesbon! Gari linaungua!"

"Haliungui, mama," nikamwambia. "Linakunywa maji yake."

Mzee alizima, akashuka. Alikuwa amekasirika, na hasira zilikuwa zinanijia mimi. "Umelifanya nini? Juzi lilikuwa zima! Protus mwenyewe aliliona!"

"Aliliona likiwa moto, mzee. Rudi ndani, washa ufunguo nusu. Hesabu taa."

Akahesabu. Nikamwuliza ya joto iko wapi. Akatafuta, hakuiona. Hakuwa amewahi kuitafuta. Nikafungua dashibodi mbele yake, nikatoa balbu kwenye leso, nikairudisha mahali pake. Akawasha ufunguo nusu. Ikawaka, nyekundu.

"Nani aliitoa?"

Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani. Nikayaacha yote. "Mimi, mzee. Kwa mkono huu. Januari."

Alizima ufunguo, mswaki bado mkononi. Sylvia alikuwa amesimama na maji, hajui ampe nani. Halafu mzee akasema, "Na umetoka Malaba kuja kuniambia."

"Ndiyo."

"Kumbe nimekuwa nikiuza ugonjwa na kuwanywesha wanunuzi chai." Akamgeukia Sylvia. "Mletee dada yako kiti. Asimame hadi lini?"

Mjomba, hakumlaumu Sylvia wala wewe. Aliniuliza swali moja tu: linaweza kutengenezwa kwa kweli? Nikasema ndiyo, nikipewa wiki mbili na nisipoharakishwa. Akasema, "Hakuna atakayekuharakisha hapa. Gari hili nililipenda kabla halijaugua."

Barua zako sasa tuma kwa mama, Moding. Otukei na mimi tumemalizana.

Asekenye


Funyula, 24 Agosti 2025

Mpwa wangu Asekenye,

Mulembe kwako, kwa mama yako na kwa goti lake. Mahindi tumevuna. Shangazi anasema utume mihogo, na safari hii sikanushi.

Nimekaa na barua yako ya Juni zaidi ya miezi miwili bila kuijibu. Si kawaida yangu, na huenda ulidhani nimekasirika. Nilikuwa nasubiri mambo mawili yatokee ili nisijibu kwa maneno matupu.

La kwanza ulilisikia nusu. Tarehe kumi na mbili Julai, wewe ukiwa umeshamaliza kazi na kuondoka Busia, tulikwenda kununua. Hatukupiga simu. Miaka minne tangu Sylvia aolewe sijawahi kufika pale bila taarifa. Saa kumi na mbili kasorobo nilikuwa langoni, na mimi ambaye nimebishana na maaskofu, wakuu wa elimu na mbunge mmoja mstaafu, mkono ulikataa kugonga. Naliaka aliniangalia akasema, "Mwalimu, ukishindwa na lango, hotuba zako zote nitazifungia mandazi." Akagonga yeye.

Mzee Hesbon alitoka na shuka ile ile. Alituangalia, akaangalia saa, akacheka hadi akashika ukuta. "Karibuni," akasema. "Leo hakuna chai. Lakini gari limelala."

Niliweka kiganja. Baridi. Nilifungua kila ulichoniambia nifungue. Nilihesabu taa, zikawaka zote, nyekundu ile nayo, kisha zikazima. Injini ilishika mara moja. Maji yalitulia kama ya kisima. Sylvia alikuwa amesimama mlangoni, na uso wake, ambao kwa miezi mitano niliuogopea, ulikuwa unajivuna. Tukanunua. Chai ilikuja baadaye, na kuku.

La pili ni la juma lililopita. Vivianne alishikwa na uchungu asubuhi ya Jumamosi, na mvua ikaja kama iliyoagizwa. Naliaka alikaa naye nyuma. Mimi nilikaa mbele na dereva, bila kazi yoyote. Dereva alipogeuza ufunguo Vivianne akaiona taa nyekundu, akashtuka: "Hiyo ni nini?" Nikamweleza: hiyo ikiwaka tukiwa barabarani, tunasimama. Isipowaka, tunaendelea. Tangu hapo hakuiondolea macho. Alibana meno, akalia, akamshika Naliaka hadi akamchuna mkono, lakini kila nilipogeuka alikuwa anaangalia mahali pale padogo kwenye dashibodi. Tulipita pale mtoto wake wa kwanza alipofia. Taa haikuwaka. Tulipofika Busia bado haikuwaka. Saa tisa mchana alijifungua mvulana, kilo tatu na ushee.

Asekenye, wapo wanaosema ulifanya makosa na kuyarekebisha, basi uko sawa na asiyefanya. Napinga. Asiyefanya hajui balbu iko wapi. Wewe uliiweka kwenye kopo miezi mitano, ukavumilia kuiona kila siku, ukaacha kazi, ukasafiri hadi kwa mtu uliyemkosea, ukairudisha kwa mkono ule ule, na ukasema ni mimi. Nimesoma habari za majenerali waliopewa sanamu kwa kufanya machache kuliko hayo. Na mimi, niliyeandika makala arobaini dhidi ya unafiki, nilihitaji fundi wa miaka ishirini na tisa anisogeze hatua moja mbele ya lango la mkwe wangu.

Sijaiacha heshima. Nasema tu kwamba tuliitumia vibaya. Mzee Hesbon alipashwa pamoja na injini yake, nami nilikuwa kuni.

Petronilla ameniambia umefungua gereji yako Amagoro: mabati manne, meza moja. Ukutani naona kutakuwa na nafasi. Ukurasa unaofuata hauandikiwi wewe. Ubandike hapo, mahali panaposomeka.

*

Kwenu mnaouza magari Busia na Malaba:

Acheni gari lilale. Msiliwashe, msilipashe, msimwambie mnunuzi kwamba swali lake ni tusi. Rudisheni kila taa mliyoitoa. Kama hamjui taa gani ilitolewa, mleteni Asekenye, na mumlipe.

Kwenu mafundi mnaoambiwa kuficha ni kumtunza mteja:

Abiria naye ni mteja wenu, hata kama hamumjui jina. Wekeni spana chini na mseme hapana.

Na kwako unayekuja kununua, hasa wewe unayemnunulia mgonjwa, mama mjamzito au mtoto wa shule, hata kama muuzaji ni mkwe wako:

Zima simu. Fika saa kumi na mbili asubuhi. Piga hodi, salimia kila mtu wa nyumba ile kwa jina lake, kisha weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa na joto, aga vizuri, na urudi nyumbani.

Protus,
Funyula